Maumivu ya kichwa, uso na kusaga meno: Si kila taya liumalo dawa yake ni kung'oa jino

DEREVA wa lori aliyetoka bandarini Mombasa hufika Malaba akiwa amesafiri zaidi ya kilomita 900. Usingizi wake ameupata kwa vipande vipande, amejikunja ndani ya kebini, huku sikio moja likisikiliza iwapo foleni imesogea. Alfajiri huamka panja zote mbili zikimgonga, taya likiwa zito kana kwamba usiku kucha alikuwa akitafuna jiwe. Akifungua kinywa kupiga mswaki, kiungo kilicho mbele ya sikio hulia "ta!"

Huo ni mfano tu, lakini mkazi yeyote wa Malaba au Busia anaweza kukisia safari itakayofuata. Kituo cha kwanza ni duka la dawa, ambako hununuliwa vidonge vya kutuliza maumivu na, mara nyingi, dawa ya malaria bila ya kipimo. Baada ya wiki mbili kituo ni kwa mng'oa meno, kwa kuwa maumivu sasa yameshukia kwenye gego. Gego likishatoka, maumivu hubaki palepale. Hapo ndipo mgonjwa hung'oa la pili, au huanza kumeza vidonge kila siku kama chakula, au huambiwa kwamba amelogwa.

Makala haya yanaeleza kwa nini maumivu ya kichwa, ya uso na tabia ya kusaga meno huandamana, kwa nini mtaalamu mmoja pekee hushindwa kuyatibu, na ni nini kinachoweza kufanywa katika kaunti ya mpakani kama Busia kwa watumishi na vifaa ambavyo hospitali za kaunti huwa navyo.

Neva moja, milango mingi

Kiswahili kina neno lake la kale la maumivu makali yanayoshika kipaji cha uso au upande mmoja wa kichwa: kipandauso. Neno lenyewe linaonyesha kwamba wahenga walikwisha kuona kuwa maumivu ya kichwa hayakai kichwani tu. Hupanda, hushuka, huingia jichoni na kutokea shavuni.

Sababu yake imo katika maumbile. Neva kuu inayopeleka hisia za uso hutoka kwenye shina la ubongo na kugawanyika matawi matatu. La kwanza huenda kwenye kipaji na jicho, la pili kwenye shavu na meno ya juu, la tatu kwenye taya la chini pamoja na meno yake na misuli ya kutafunia. Habari za maumivu kutoka sehemu hizo zote, na zile za utando unaoufunika ubongo, hukusanyika katika kituo kimoja. Hapo hapo hufika pia habari kutoka sehemu ya juu ya shingo. Ubongo unaposoma ujumbe huo huweza kukosea mlango: msuli wa shavu uliochoka ukasomwa kama jino bovu, au shingo iliyokakamaa ikasomwa kama maumivu ya jicho.

Misuli nayo ina lake. Msomaji aweke vidole kwenye panja kisha aume meno kwa nguvu. Atahisi msuli ukikakamaa chini ya ngozi. Huo ni msuli wa kutafunia, ingawa uko juu kabisa ya sikio. Mtu anayekaza taya saa kadhaa kila siku huuchosha msuli huo kama vile mtwana wa forodhani anavyochosha mgongo, na matokeo yake ni maumivu ambayo mwenyewe atayaita, kwa haki kabisa, maumivu ya kichwa.

Uhusiano huu ulianza kuandikwa kwa utaratibu mwaka wa 1934, wakati James Costen, daktari wa masikio na pua katika mji wa St. Louis nchini Marekani, alipoeleza wagonjwa waliokuwa na maumivu ya kichwa na mlio wa masikio pamoja na hitilafu ya kiungo cha taya. Maelezo yake ya chanzo cha tatizo hayakukubaliwa baadaye. Alidhani kosa kubwa lilikuwa jinsi mataya yanavyokutana baada ya meno ya nyuma kupotea. Hata hivyo, jambo la msingi lilibaki: daktari wa sikio alilazimika kutazama kinywa.

Malaria na uzito wa mazoea

Si haki kumlaumu mkazi wa Busia anapoanza na malaria. Kaunti hii imo katika ukanda wa Ziwa Victoria, ambako ugonjwa huo huambukizwa mwaka mzima. Utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2020 uliwakuta watoto 19 katika kila 100 waliopimwa ukandani humo wakiwa na vimelea vya malaria. Mwaka wa 2015 walikuwa 27. Kenya ilipoanza kutoa chanjo ya kwanza ya malaria mwezi Septemba 2019, Busia ilikuwa miongoni mwa kaunti nane zilizochaguliwa, zote za magharibi na Nyanza. Mahali kama hapa mtu mwenye homa na kichwa kinachouma anapaswa kupimwa malaria siku hiyo hiyo.

Neno muhimu ni kupimwa. Tangu mwaka wa 2010 Shirika la Afya Duniani (WHO) limeshauri kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao zaidi ya 100,000 kati yao nchini Kenya walikabidhiwa mikoba ya vifaa mwezi Septemba 2023, ndio walio karibu zaidi na boma la mgonjwa katika shughuli hiyo. Kipimo kikionyesha hakuna malaria, huo ndio wakati wa kuuliza maswali mengine. Pengo liko hapo. Mgonjwa mwenye kipandauso cha kurudiarudia hupewa dawa ya malaria leo, mwezi ujao na mwezi unaofuata; na kwa kuwa kipandauso huisha chenyewe baada ya saa chache au siku mbili tatu, dawa hiyo husifiwa kila mara kwa kazi ambayo haikuifanya.

Maumivu ya kichwa si jambo dogo. Kwa hesabu za WHO, mwaka wa 2021 watu kama bilioni 3.1, yaani karibu wanne katika kila kumi duniani, walikuwa na aina moja au nyingine ya maradhi ya kichwa kuuma. Wanawake huathirika zaidi na kipandauso kuliko wanaume, jambo ambalo katika miji hii miwili lina uzito wake, kwani sehemu kubwa ya biashara ndogo ndogo ya kuvuka mpaka imo mikononi mwa wanawake. Mama anayelala siku mbili kila mwezi hawezi kufika sokoni, na mtaji wake huliwa nyumbani.

Kusaga meno na hadithi ya minyoo

Kusaga meno kuna sura mbili. Kuna kusaga kwa usingizini, ambako husikika sauti ya kukereza hata chumba cha pili, na mara nyingi mwenye kusaga huwa hajui mpaka aambiwe na mwenziwe. Kuna pia kukaza meno mchana, kimyakimya, mtu akiwa kwenye usukani, kwenye mashine ya kushona au akihesabu fedha za watu. Jopo la wataalamu wa kimataifa lililochapisha msimamo wake mwaka wa 2018 lilisema kwamba kwa mtu mwenye afya njema tabia hii haipaswi kuitwa ugonjwa moja kwa moja. Ni mwenendo wa misuli ambao kwa wengine hauna madhara, na kwa wengine hula meno, huvunja vijazio na huchosha mataya.

Chanzo chake si kimoja. Wasiwasi, pombe jioni, sigara, kahawa nyingi na baadhi ya dawa za kutibu huzuni huhusishwa nacho. Wapo pia wanaosaga kwa sababu pumzi zao hukatika usingizini. Hao huwa wanakoroma sana na huamka wamechoka. Dereva anayesinzia mchana na kukoroma usiku anapaswa kumweleza daktari mambo yote mawili, kwani barabarani hatari yake ni kubwa kuliko ya jino.

Kwa watoto, imani iliyoenea Afrika Mashariki ni kwamba anayesaga meno ana minyoo. Ni imani inayofaa kuzungumziwa Busia kuliko mahali pengine popote, kwa sababu kaunti hii imo katika vitabu vya dunia kwa sababu ya minyoo. Kuanzia mwaka wa 1998 wanafunzi wa shule 75 za msingi za Budalang'i na Funyula, zaidi ya 30,000 kwa jumla, walihusishwa katika mradi wa kutoa dawa za minyoo kwa zamu. Edward Miguel na Michael Kremer walichapisha matokeo mwaka wa 2004 wakieleza kuwa utoro shuleni ulipungua kwa takriban robo. Kremer alikuwa mmoja wa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka wa 2019. Kazi hiyo ilichangia kuenea kwa kampeni za dawa za minyoo mashuleni. Lakini iliangalia minyoo, afya na mahudhurio ya darasani. Haikuwa kazi ya kuthibitisha kwamba minyoo husagisha meno, na hadi leo ushahidi wa jambo hilo ni dhaifu. Mtoto apewe dawa ya minyoo kwa sababu minyoo ni adui wa afya yake. Akiendelea kusaga baada ya hapo, mzazi asimwongezee dozi. Wengi huacha wanapokua.

Miraa, miwa na usukani

Kiungo cha taya ni miongoni mwa viungo vinavyotumika zaidi mwilini. Ndani yake mna kisahani cha gegedu kinachoteleza kila tunapofungua kinywa. Kikisogea kutoka mahali pake ndipo mlio ule husikika. Mlio pekee usio na maumivu hauhitaji tiba yoyote, na watu wengi huishi nao hadi uzeeni.

Mambo hubadilika taya linapofanyishwa kazi kupita kiasi. Mpakani miraa hutafunwa ili kuushinda usingizi, na utafunaji wenyewe huchukua saa nyingi mfululizo, tonge likiwa limetunzwa shavu moja. Matokeo ni mara mbili: misuli ya upande mmoja huchoka, na usingizi ambao ungeipumzisha hufukuzwa. Huko Yemen, ambako majani hayo huitwa qat, matatizo ya kiungo cha taya kwa watafunaji yameandikwa na madaktari kwa miaka mingi. Busia ina chake zaidi, nacho ni miwa. Kuimenya kwa meno na kuitafuna barabarani ni raha ya utotoni ambayo hakuna anayetaka kuikataza, lakini mwenye taya lililovimba au linalokwama anapaswa kuiacha kwa muda, pamoja na mahindi makavu ya kuchoma.

Wala tusisahau pikipiki. Jina la bodaboda linasemekana kuzaliwa papa hapa, kwenye baiskeli zilizovusha watu kati ya vituo viwili vya mpaka. Leo ajali za pikipiki ni sababu kubwa ya mifupa ya taya kuvunjika. Anayepata maumivu ya taya baada ya ajali, au anayeona kwamba meno yake hayakutani tena kama zamani, anahitaji picha ya eksirei, si vidonge.

Kidonge kinapogeuka chanzo

Sehemu hii ingestahili makala yake yenyewe, kwani ndiyo isiyojulikana kabisa na wengi. Dawa za kutuliza maumivu, zikitumiwa mara nyingi mno na mtu mwenye maradhi ya kichwa, huzaa maumivu mapya ya kichwa. Mipaka iliyowekwa na wataalamu wa dunia ni hii: dawa za kawaida kama parasetamoli au ibuprofeni zisifike siku 15 kwa mwezi, zile zilizochanganywa, mathalan aspirini na parasetamoli pamoja na kafeini, au zenye kodeini, zisifike siku 10 kwa mwezi. Anayepita mipaka hiyo kwa zaidi ya miezi mitatu, na kichwa kikimuuma siku 15 au zaidi kila mwezi, ana sababu ya kushuku kwamba dawa imekuwa ndiyo maradhi.

Vidonge vilivyochanganywa na kafeini ndivyo vinavyouzwa kwa urahisi kila kioski, kimoja kimoja, pamoja na sukari na majani ya chai. Mnunuzi humeza, kichwa hutulia, saa kadhaa baadaye kafeini huondoka mwilini na kichwa huanza tena kudai. Huo ni mzunguko ambao hauwezi kukatwa na muuza duka. Anayeuacha hupitia siku kadhaa, pengine wiki mbili, za maumivu makali zaidi, na ndipo hali hutengenea. Ni vigumu kuzivuka siku hizo bila mtu wa kumwelekeza, na aliyezoea dawa zenye kodeini asiache ghafla bila daktari. Aidha, ibuprofeni na aspirini zikimezwa kila siku huumiza tumbo na figo, habari ambayo mgonjwa wa presha au sukari hapaswi kuipuuza.

Tiba ya pamoja ni nini?

Wazo la kuwakutanisha wataalamu mbalimbali kwa ajili ya mgonjwa mmoja wa maumivu huhusishwa hasa na John Bonica, daktari wa ganzi mzaliwa wa Italia aliyewahudumia askari majeruhi nchini Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Bonica, ambaye pia alipigana mieleka ili kujilipia masomo, aligundua kwamba kesi ngumu zilifunguka pale tu alipokaa na wenzake wa neva, mifupa na akili na kuzizungumza. Mwaka wa 1953 alichapisha kitabu kikubwa juu ya tiba ya maumivu, na baadaye akaanzisha kliniki ya pamoja katika Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle. Katika maumivu ya uso, jambo hilo lilichukua muda mrefu zaidi kukubalika. Chama cha madaktari wa meno wa Marekani kiliyatambua maumivu ya kinywa na uso kuwa fani kamili ya ubingwa mwaka wa 2020 tu.

Kwa ufupi, kazi hugawanywa hivi. Daktari au afisa wa kliniki huondoa kwanza magonjwa ya hatari na kuitambua aina ya maumivu ya kichwa. Daktari wa meno hutazama kama kweli kuna jino bovu: je, baridi au moto huacha maumivu yanayodumu, je, jino likigongwa taratibu huuma, je, picha inaonyesha usaha kwenye mzizi? Asipopata ushahidi, hang'oi. Mtaalamu wa fiziotherapia hushughulikia shingo, mabega na misuli ya taya kwa mikono na kwa mazoezi. Mshauri nasaha humsaidia mgonjwa kutambua saa anazokaza meno, kulala vizuri na kuishi na hofu ambayo maumivu huleta. Mfamasia huhesabu vidonge. Si lazima watu hawa wakae chumba kimoja, lakini lazima wasomane maandishi.

Habari njema kwa kaunti yenye fedha chache ilitoka mwezi Desemba 2023, wakati jopo la kimataifa lilipochapisha mwongozo katika jarida la tiba la Uingereza, BMJ, kuhusu maumivu sugu ya kiungo cha taya. Yaliyopendekezwa kwa uzito mkubwa zaidi ni ushauri wa kubadili fikra na mienendo, kunyooshwa taya na kukandwa misuli na mtaalamu, mazoezi ya kinywa na ya mkao wa mwili, pamoja na kumtuliza mgonjwa na kumwelimisha. Yaliyokataliwa kwa uzito ni pamoja na vifaa vya kudumu vinavyobadilisha jinsi meno yanavyokutana. Hata kile kinga cha plastiki kinachovaliwa usiku juu ya meno, ambacho husifiwa sana na ni ghali, hakikupendekezwa kuwa tegemeo la kutibu maumivu hayo, ingawa bado kina kazi yake ya kuyalinda meno ya msagaji yasiliwe. Kwa lugha nyingine, tiba iliyo bora ni ya mikono na maneno. Haihitaji mashine ambayo Busia haina.

Inahitaji nini basi? Inahitaji karatasi ya rufaa inayokwenda na kurudi. Mgonjwa wa Malaba anaweza kuanzia hospitali ya Kocholya huko Teso Kaskazini, wa Busia katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti, na kati yao iko Alupe, kando ya barabara inayounganisha miji hiyo, ambayo historia yake ni ya kuwahudumia wagonjwa wa ukoma. Ukoma, ugonjwa unaoharibu neva, haukupata kutibiwa na mtu mmoja. Daktari, mwuguzi wa vidonda, mtaalamu wa viungo na hata mshona viatu walihitajiana. Mtindo wa kazi si mgeni. Mgonjwa mwenye maumivu ya uso ambaye kwa leo hutumwa kutoka dirisha hadi dirisha angefaidika nao.

Pale panapohitajika bingwa wa neva au mpasuaji wa taya, njia huelekea Kisumu au Eldoret, kwenye Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Ni safari ya gharama, na kwa hiyo ni vema itumiwe na wale wanaoihitaji kweli.

Mmoja wao ni mgonjwa wa neva ya uso. Maumivu yake hayafanani na mengine: ni kama kupigwa na umeme shavuni, sekunde chache tu, kisha kimya, kisha tena. Huamshwa na upepo, kunawa uso, kupiga mswaki au kutafuna, na huwapata zaidi watu waliopita miaka 50. Kwa kuwa huonekana kutoka kwenye jino, wagonjwa wengi hupoteza meno mawili au matatu mazima kabla ya kutambuliwa. Dawa yake ya kwanza, kabamazepini, ndiyo hiyo hiyo inayotumiwa kutibu kifafa. Lazima iandikwe na kufuatiliwa na daktari, kwani huweza kuidhuru damu na ngozi. Kwa kipandauso kinachorudi mara nyingi kuna dawa za kukizuia, zikiwemo amitriptilini kwa kiasi kidogo usiku na propranololi, ambayo mwenye pumu hapaswi kupewa.

Dalili zisizongoja

Kuna maumivu ambayo hayapaswi kusubiri foleni yoyote. Kichwa kinachopasuka ghafla, kwa ukali usiowahi kuonekana, ni dharura. Vivyo hivyo homa pamoja na shingo ngumu au kuchanganyikiwa. Udhaifu wa upande mmoja wa mwili. Maumivu mapya ya kichwa kwa anayeishi na virusi vya ukimwi. Maumivu ya kichwa na macho kuona ukungu kwa mjamzito, ambayo huweza kutangulia kifafa cha mimba. Mtu aliyepita miaka 50 ambaye panja linamuuma, taya linachoka kila anapotafuna na macho yameanza kufifia anaweza kupofuka kwa siku chache asipotibiwa. Taya linalokaza lisifunguke baada ya jeraha lolote huenda ni pepopunda. Maumivu ya taya yanayokuja na kifua kubana yanaweza kuwa ya moyo. Uvimbe chini ya kidevu unaozuia kumeza, hasa baada ya jino kuoza, huweza kuziba pumzi usiku mmoja.

Kwa mtoto, dalili moja inahusu eneo hili hasa. Denis Burkitt, daktari mpasuaji katika hospitali ya Mulago jijini Kampala, alieleza mwaka wa 1958 saratani inayovimbisha mataya ya watoto na kulegeza magego yao. Baadaye ilidhihirika kuwa hupatikana zaidi katika ukanda ule ule wenye malaria nyingi, yaani Uganda, magharibi mwa Kenya na kwingineko katika Afrika ya tropiki. Hukua kwa kasi ya siku na wiki. Mtoto ambaye taya lake linavimba na magego yanacheza bila kuoza asipelekwe kwa mng'oa meno. Apelekwe hospitali kubwa mara moja, kwani saratani hiyo ni miongoni mwa zile zinazoitikia dawa vizuri ikiwahiwa.

Nyumbani na njiani

Kwa aliyeondolewa shaka ya magonjwa hayo, kuna mambo yanayosaidia bila gharama. Midomo ikutane lakini meno yaachane: ndiyo hali ya kawaida ya kinywa kilichopumzika, na meno hukutana tu wakati wa kutafuna na kumeza. Madereva huweza kubandika kikaratasi kwenye dashibodi cha kuwakumbusha. Kitambaa cha maji ya uvuguvugu kwenye shavu kwa dakika 15 hulegeza msuli. Chakula kiwe laini kwa wiki moja au mbili, na mtu asilale kifudifudi wala kupiga miayo ya kuachama kupita kiasi. Maji yanywewe ya kutosha, mlo usirukwe, na saa za kulala zisibadilike mno, ingawa kumwambia hivyo mtu aliye kwenye foleni ya malori ni kumwomba asichokuwa nacho. Mwaka wa 2020, wakati wa vipimo vya korona, foleni hizo zilifika makumi ya kilomita.

La mwisho ni daftari. Wakazi wa hapa hutibiwa pande zote mbili za mpaka, leo Busia ya Kenya, kesho Tororo au Mbale, na maandishi ya upande mmoja hayamfuati mgonjwa upande wa pili. Daftari la shule la kurasa 32 hutosha kwa mwaka mzima. Kila siku ya maumivu iandikwe tarehe, saa yalipoanza na yalipoisha, mahali yalipokaa, kama taya lilikaza asubuhi, kipimo cha malaria kilisema nini, hedhi kwa wanawake, saa za usingizi, na jina la kila kidonge kilichomezwa pamoja na idadi yake.